Shimo Lililokuwa Tayari: Uchambuzi wa Kisa cha Machimbo, Jaa na Pango la Maji Kusini Mashariki ya Unguja

Barua iliyotufikia ilikuwa fupi, na kwa mtazamo wa walioiandika jambo lenyewe lilikuwa jepesi. Shehia moja ya kusini mashariki ya Unguja, ambayo kwa ombi la wenyewe sitaitaja jina, ilikuwa imezidiwa na taka za kijiji na za nyumba za wageni zilizoota kandokando ya ufukwe. Kiasi cha kilomita moja na nusu kutoka kijijini, kuelekea ndani ya kisiwa, palikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa. Hapakuwa na shamba, hapakuwa na nyumba, njia ya gari ilifika hadi ukingoni, na shimo lilikuwa tayari limechimbwa. Tuliombwa tuthibitishe kwamba mahali hapo panafaa kuwa jaa. Neno lililotumika lilikuwa hilo hilo, kuthibitisha, nami nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba uamuzi ulikwisha kupita kabla ya mtu yeyote kulitazama jiwe.

Fikra zao hazikuwa za kijinga. Penye mfinyanzi mzito, shimo la zamani la kuchimbia udongo ni miongoni mwa mahali pazuri pa kuweka taka, kwa kuwa maji yanayochuruzika kutoka kwenye taka hukwama chini na hayaendi mbali. Umbali wa kilomita moja na nusu nao, katika ardhi za namna nyingi, ni ulinzi wa kutosha. Kosa lilikuwa kuichukua kanuni ya ardhi ya namna moja na kuihamishia katika ardhi ya namna nyingine, na katika nusu ya mashariki ya Unguja kosa hilo hufanywa kila siku na watu wenye akili timamu. Mimi mwenyewe nililifanya katikati ya kazi hii hii, kama nitakavyoeleza.

Jiwe lenyewe

Unguja, yenye urefu wa kiasi cha kilomita 85, ni kama visiwa viwili vilivyoshikana. Magharibi na katikati kuna matuta ya mchanga, mfinyanzi na chokaa ya zama za Miosini, yenye udongo wa kina unaobeba minazi na mikarafuu. Huko maji huonekana kwa macho: kuna mito, kuna mabonde ya mpunga, na kuna chemchemi, zikiwemo zile ambazo Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alizijengea mfereji wa kuleta maji mjini. Mashariki na kusini ni maweni, yaani tambarare ya jiwe la matumbawe yenye vichaka vikavu, ambako udongo umejificha katika vishimo na mito haipo. Hata mito kadhaa inayoshuka kutoka kwenye matuta hutoweka ikikutana na jiwe hilo. Mvua ya masika hunyesha huku pia, ila ikishagusa ardhi haionekani tena.

Jiwe hilo ni matumbawe na mchanga wa bahari ya kale. Takriban miaka 125,000 iliyopita bahari ilisimama mita kadhaa juu ya ilipo leo, na sehemu kubwa ya jiwe la ukanda wa pwani hunasibishwa na kipindi hicho. Bahari iliposhuka, jiwe likabaki juu likinyeshewa. Maji ya mvua yakipita hewani, na zaidi yakipita katika udongo wenye mizizi na majani yanayooza, hubeba kaboni dayoksaidi na kuwa asidi hafifu, na asidi hiyo huiyeyusha chokaa kidogo kidogo hadi ufa ukawa mfereji na mfereji ukawa pango. Ardhi ya namna hiyo huitwa karsti, jina lililotokana na uwanda wa Kras ulioko mpakani mwa Slovenia na Italia, ambao Jovan Cvijić aliuingiza katika elimu ya dunia kwa maandishi yake ya mwaka 1893.

Hata hivyo karsti ya Kras na karsti ya Unguja hazifanani kwa jambo moja kubwa. Chokaa ya kule ni ya kale mno, ilizikwa na kugandamizwa hata ikawa ngumu isiyo na vitundu, na maji hupita katika nyufa peke yake. Jiwe letu ni changa na halijawahi kuzikwa. Limebaki na vitundu vyake vya matumbawe, kwa hiyo maji hupita kwa njia mbili kwa wakati mmoja: polepole ndani ya mwili wa jiwe, kama ndani ya sifongo, na haraka katika nyufa na mapango. Kisima kilichochimbwa penye sifongo na kisima kilichoangukia penye ufa vinaweza kuachana kwa hatua ishirini tu na kila kimoja kikawa na maji ya asili yake.

Juu ya hayo kuna bahari. Maji baridi yaliyozama huelea juu ya maji chumvi yaliyoingia kutoka pembeni, kwa sababu ni mepesi zaidi, na kanuni inayojulikana kwa majina ya Ghyben na Herzberg inasema kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na takriban mita 40 za maji baridi zilizo chini yake. Hesabu hiyo inafurahisha hadi mtu akumbuke kwamba katika jiwe linalopitisha maji kwa wepisi kama letu, mita hiyo moja haipatikani karibu na pwani. Hupatikana sentimita chache au makumi machache. Pampu ikiushusha uso wa maji kwa sentimita 10 tu, maji chumvi hupata nafasi ya kupanda kiasi cha mita nne kutoka chini. Ndiyo maana visima vya ukanda huu huharibika ghafla, na ndiyo maana jambo lolote linalohusu ardhi ya juu, liwe jaa, karo (shimo la maji machafu ya chooni) au hoteli, ni jambo la maji.

Ramani tuliyoanza nayo na ile tuliyoitembelea

Jiolojia ya visiwa hivi iliandikiwa ripoti na G. M. Stockley mwaka 1928, na kazi za baadaye zimeongeza mengi, lakini katika ramani ya kisiwa kizima eneo letu lote lilipakwa rangi moja. Rangi hiyo si ya uongo, kwa kuwa kweli kote ni chokaa ya matumbawe. Ila rangi moja haiwezi kumwambia sheha mahali pa kutupa nepi.

Tulichukua vilevile picha za angani za mradi wa ramani ulioanza mwaka 2016, ambao kwa droni ulipiga picha visiwa vyote viwili kwa kushirikiana na Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Picha hizo zinaonyesha kila paa, kila ukuta na kila kichochoro, lakini mahali penye kichaka zinaonyesha kichaka. Msaada wake mkubwa kwetu ulikuwa miti mirefu. Katikati ya vichaka vilivyo sawasawa kama nywele zilizokatwa, huonekana hapa na pale mkuyu uliochomoza juu ya wenzake, na mkuyu haukui hivyo juu ya jiwe tupu. Umepata shimo lenye udongo na unyevu, na mara nyingi mizizi yake imefuata njia ambayo maji nayo huifuata. Tuliweka alama kwenye kila mti wa namna hiyo, kisha tukaenda kwa miguu.

Huko ndiko tulikokutana na ramani nyingine, ambayo haijaandikwa. Mkulima aliyetuongoza, mzee anayelima mtama na mihogo katika vishimo vya udongo baina ya mawe, aliigawa ardhi ile kwa majina yaliyokuwapo kabla ya chuo chochote: kinongo ni udongo mwekundu uliolala juu ya chokaa, kichanga ni udongo wa mchanga, uwanda ni jiwe tambarare lenye ngozi nyembamba ya udongo, na maweni ni jiwe lenyewe. Tulipopima kina cha udongo kwa fimbo ya chuma, mipaka yake ilikuwa karibu sana na mipaka tuliyoipata sisi, na pale tulipohitilafiana, mara mbili kati ya tatu yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kwa ramani ya kulinda maji, kina cha udongo ni jambo kubwa kuliko jina la jiwe, kwa kuwa udongo ndio unaochuja vijidudu na kuyachelewesha maji yanayoshuka. Penye kinongo cha kufika kiunoni maji huchujwa. Penye uwanda maji ya juu na maji ya chini ni maji mamoja.

Mapango yalihitaji adabu. Kusini mwa Unguja mapango si mashimo tu. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wanaakiolojia wamekuta mabaki ya watu walioishi humo tangu kisiwa hiki hakijatengana na bara, na hadi leo mapango mengine ni mizimu ambayo watu huipelekea ubani na nadhiri. Tulipouliza mapango yako wapi, tuliambiwa yako matatu. Baada ya wiki moja ya kusalimiana, kunywa chai na kueleza tunachokitafuta, yakawa kumi na moja. Mawili kati ya hayo wenyewe hawakutaka yawekwe katika ramani, nasi hatukuyaweka. Nafasi zake zimeandikwa katika daftari la sheha, ili mtu akitaka kuchimba karibu nayo aulizwe kwanza.

Ukutani mwa machimbo

Machimbo yenyewe yalikuwa na upana wa kiwanja cha mpira wa miguu na kina cha kimo cha watu watatu. Kuta zake zilikuwa kitabu kilichofunguliwa. Juu kulikuwa na tabaka gumu la rangi ya kijivu, lenye meno yanayokata kandambili. Chini yake jiwe laini jeupe la mchanga wa bahari, ambalo wakata mawe hulipenda kwa sababu msumeno na shoka hulimudu. Katika ukuta wa kaskazini, mikono ya udongo mwekundu ilishuka kutoka juu hadi sakafuni, kila mmoja ukiwa umejaza ufa wa zamani. Mingine ilikuwa imeshamwaga udongo wake na kubaki mitupu. Mbele ya ufa mmoja mtupu, mpana wa kuingiza mkono hadi begani, tuliwasha makumbi ya nazi, na moshi badala ya kupanda ukaingia ndani, taratibu, kama unavutwa. Ufa unaovuta hewa umeungana na uwazi mkubwa mahali fulani.

Tulipima uelekeo wa nyufa zote tulizoweza kuzifikia, na nyingi zilielekea upande mmoja, kusini mashariki, yaani kijijini.

Siku ya tatu ilinyesha mvua ya vuli, nzito, ya nusu saa. Tulijibanza chini ya lori pamoja na fundi wa mawe aliyekuja kutazama mali yake ya zamani. Mvua ilipokatika, sakafu ya machimbo ilikuwa na madimbwi hapa na pale. Tulikuwa hatujamaliza mihogo ya kuchemsha tuliyokuja nayo, na madimbwi yakawa yamekwisha. Fundi alitutazama kwa kutushangaa tulivyoandika saa na dakika. "Nyie mnaandika nini? Tangu nianze kukata jiwe hapa," alisema, "shimo hili halijalala na maji hata usiku mmoja." Kwa maoni yangu sentensi hiyo ilitosha kuwa jibu la barua, na kazi nyingine yote ilikuwa kuipa namba. Wakata mawe walikuwa wamekwisha kuondoa tabaka gumu na udongo wa juu, vitu viwili pekee vilivyokuwa vikiyachelewesha maji. Jaa lingewekwa mahali palipovuliwa nguo.

Pango la maji na kosa langu

Kijiji kina pango lenye ngazi zilizochongwa katika jiwe, ambamo vizazi vya wanawake vimeshuka na ndoo na kata. Mabomba ya mamlaka ya maji yamefika, lakini siku ambazo bomba halitoi watu hurudi pangoni, na wengine hawakuacha kamwe. Bi mmoja mtu mzima alitueleza utaratibu wake kabla hatujatoa kipimo chochote mfukoni: maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana, maji ya pango ni ya kunywa, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, ni ya kufulia, kwa sababu yanaingia chumvi. "Mwanangu, ulimi ndio kipimo," aliniambia. Kipimo chetu cha kielektroniki, kinachosoma chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, kilisema kama ulimi wake ulivyosema.

Kosa langu lilitokea hapa. Ili kujua maji ya chini yanaelekea wapi, mtu hupima kimo cha maji katika visima vitatu au zaidi, kisha huchora mteremko. Nilipima visima vitatu kwa siku moja, cha kwanza asubuhi, cha pili adhuhuri, cha tatu alasiri, nikachora, na mteremko wangu ukaonyesha kwamba maji ya machimbo yanakwenda kusini moja kwa moja na kulipita pango kwa mbali. Ilikuwa habari njema, na niliiandika katika rasimu. Kilichonizindua ni alama ya unyevu kwenye ukuta wa pango, shibiri nzima juu ya maji, ambayo asubuhi ile haikuwapo. Bahari ya Unguja wakati wa bamvua kubwa hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na mshindo wake huingia ndani ya jiwe, ukififia na kuchelewa kadiri unavyokwenda mbali. Tofauti halisi ya kimo baina ya visima vyangu ilikuwa sentimita chache, na pumzi ya bahari ndani ya kila kisima ilikuwa kubwa kuliko tofauti hiyo. Sikuwa nimechora mteremko wa maji. Nilikuwa nimechora ratiba yangu ya siku.

Tulirudia kwa kuweka watu katika visima vyote kwa wakati mmoja, mchana na usiku, kila nusu saa kwa muda wa saa 25, tukatoa wastani, na mteremko ukageuka. Sasa ulielekea kusini mashariki, sambamba na nyufa za machimbo, na pango lilikaa katikati ya njia.

Rangi

Mteremko unasema maji yanaelekea wapi, lakini katika karsti hausemi yanakwenda kwa kasi gani. Kwa hilo kuna njia ya zamani iliyo bora hadi leo, ambayo ni kutia rangi. Mwaka 1877 huko Ujerumani kilo 10 za rangi ya uranini zilimwagwa mahali ambapo mto Danube huzama katika chokaa, na baada ya siku mbili na kitu rangi ya kijani ikatokea katika chemchemi ya Aach, kilomita kama 12 kutoka hapo. Sisi tulitumia kiasi kidogo mno, kisichoonekana kwa macho mwisho wa safari, kwa sababu hii ni rangi inayopita katika maji ya watu. Kabla ya kuitia, sheha alitangaza, na baada ya sala ya Ijumaa tulipewa nafasi ya kueleza msikitini kwamba rangi hii haina madhara kwa kiasi hicho na kwamba si dawa ya kuua mtu wala ya kupima uchawi. Swali la uchawi halikuwa mzaha. Lilikuwa limeulizwa kweli.

Malori mawili ya maji yaliisukuma rangi ndani ya ufa ule uliovuta moshi. Vifuko vya mkaa unaonasa rangi vilitundikwa katika pango, katika visima viwili vya kijiji, katika kisima kirefu cha nyumba moja ya wageni kilicho karibu zaidi na machimbo, na mahali pamoja zaidi ambapo tulielekezwa na wakulima wa mwani. Kinamama hao, ambao kilimo chao kimekuwapo katika pwani hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wanajua sehemu za ufukwe ambapo bahari ikipwa mguu huhisi ubaridi mchangani; hapo ndipo maji baridi ya kisiwa yanapochuruzika kwenda baharini.

Siku ya tatu rangi ilikuwa pangoni. Siku ya nne ilikuwa mchangani penye ubaridi. Katika kisima cha nyumba ya wageni, kilichokuwa karibu zaidi kuliko vyote, haikufika kabisa hadi tulipoondoa vifuko. Kile kimechimbwa penye sifongo, na pango liko penye ufa.

Miongozo ya Ujerumani huweka mpaka wa eneo la ndani la ulinzi wa kisima pale ambapo maji ya chini huchukua siku 50 kukifikia, kwa hesabu kwamba vijidudu vingi hufa katika muda huo. Kwa mwendo tulioupima, mpaka wa siku 50 wa pango letu ungeyameza machimbo na kuendelea mbali nyuma yake. Katika kikao cha kwanza ofisa mmoja alitaja mita 30, umbali unaotajwa sana baina ya choo na kisima. Ni umbali mzuri penye udongo, na miongozo ile ile inayoutaja huonya kwamba penye miamba yenye nyufa hautoshi. Mji wa Walkerton nchini Kanada uliyajua hayo kwa msiba mwezi Mei mwaka 2000, pale kinyesi cha mifugo kilipoingia katika kisima kilichochimbwa penye chokaa yenye nyufa na kuua watu saba na kuwafanya wengine takriban 2,300 waugue.

Jambo ambalo hatukuulizwa

Kabla ya kutia rangi tulikuwa tumechukua maji ya pango kwenda maabara, ili tujue hali yake kabla ya jaa lolote. Majibu yalikuja na vijidudu vya kinyesi, na naitreti iliyokuwa juu ya kiwango cha miligramu 50 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani hukielekeza. Hapakuwa na jaa bado. Tulipoweka makaro na vyoo vyote vya kijiji juu ya ramani ya nyufa, tisa vilikaa katika ukanda ule ule unaolisha pango, na kimoja kilikuwa umbali wa kutupa jiwe. Mafundi walioyachimba walisifiwa wakati wao kwa sababu makaro hayo hayakujaa kamwe. Karo lisilojaa katika maweni halina sifa yoyote, linamimina mahali.

Kikao ambacho tulieleza hilo kilikuwa kigumu kuliko kile cha jaa. Kwa jaa, watu walikuwa tayari kusikia lawama zikienda kwa nyumba za wageni, na nyumba za wageni kwa kweli zina fungu lao: utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pwani hii ulikadiria kwamba mgeni mmoja hutumia kwa wastani lita 685 za maji kwa siku, mara nyingi ya anayotumia mwenyeji. Lakini naitreti ile ya pangoni haikutoka kwa wageni. Mzee wa karo lililo karibu zaidi alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama tuna hakika, na sheha akamjibu badala yetu kwamba mwaka wa kipindupindu nyumba zilizochota pangoni ndizo zilizougua kwanza, jambo ambalo yeye alilijua siku zote na hakuwa amelisema.

Kilichoamuliwa

Tulipeleka ramani ya rangi mbili. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na rangi tano, kwa jinsi mbinu za kupima udhaifu wa karsti zinavyoelekeza, zikizingatia tabaka la juu la jiwe, kina cha udongo, namna maji yanavyoingia na ukubwa wa njia za chini. Sheha alisema rangi tano zitaleta ugomvi wa rangi tatu za katikati, nami nakubaliana naye hadi leo, ingawa ramani ya kitaalamu tumeihifadhi. Nyekundu ni ukanda wa nyufa unaotoka machimbo hadi pango na kuendelea hadi pwani, pamoja na kila pango na eneo linalolizunguka: hapo hapachimbwi karo, hapawekwi taka, na kisima kipya hakichimbwi bila kupimwa. Nyeupe ni kwingineko, pamoja na agizo kwamba nyeupe si ruhusa ya kufanya lolote.

Machimbo hayakuwa jaa. Taka huchukuliwa kwa gari kwenda Kibele, kunakopelekwa taka za mjini, na gari likikosa mafuta taka hulala kandokando ya barabara, jambo baya linaloonekana na kila mtu, na kwa hiyo hulalamikiwa. Taka za ndani ya shimo zisingelalamikiwa na mtu. Makaro manne kati ya tisa yamefungwa na kubadilishwa na ya zege yanayonyonywa. Matano bado, kwa sababu ya fedha. Pango limewekewa ukuta mdogo wa kuzuia maji ya mvua yanayotiririka kutoka njiani, na maji yake yametangazwa kuwa ya kufulia katika siku zote za mwezi, si za bamvua peke yake. Bi yule mtu mzima hakufurahi, na bado hunywa.

Wanafunzi wa skuli ya kijiji hupima chumvi ya pango kila bamvua na kila maji mafu na kuandika katika daftari. Nakala ya ramani imebandikwa darasani kwao. Baina ya machimbo na pango tumechora mstari wa nukta nukta, kwa kuwa rangi ilituonyesha mahali ilipoingia na mahali ilipotokea tu. Siku tuliyoibandika, kijana mmoja alifuata nukta zile kwa kidole, akaniuliza mbona hazipiti chini ya nyumba yao. Nilimjibu kwamba huenda zinapita.